Kimbilio la mwani: juu ya tangi, chini yake, au mgongoni?

Tangi ninalolitumia katika ulinganisho huu lina urefu wa sentimita 60, upana 35 na kimo 35. Maji yanaishia sentimita 31, kwa hiyo ni lita 65 hivi, na juu imebaki nafasi tupu ya sentimita 4. Shika hesabu moja: kila sentimita ya maji kwenye tangi hili ni lita 2.1. Huko mbele hesabu hiyo itaamua mambo mengi kuliko taa, kuliko aina ya mwani, na kuliko bei.

Ndani wanaishi Amphiprion akallopisos wawili, wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mstari mmoja mweupe unaopita juu ya mgongo, pamoja na konokono kadhaa na kamba mmoja. Maji ni ya Bahari ya Hindi. Nayachota mwenyewe wakati maji yamejaa, mbali na mdomo wa mto, na baada ya mvua kubwa nasubiri siku kadhaa kwanza. Samaki wawili si wengi, lakini chakula unachowapa kila siku hakipotei. Kinaliwa, kinatoka kama uchafu, bakteria wanaigeuza amonia kuwa nitraiti na nitraiti kuwa nitrati, na nitrati hiyo inajilimbikiza pamoja na fosfati mpaka vioo vinaota ukijani na mawe yanavaa manyoya.

Kimbilio, ambalo wafugaji wengi wanaliita refujiamu, ni tangi la pili lililounganishwa na la kwanza. Halina samaki. Lina mwani, taa, pengine mchanga kidogo na jiwe moja au mawili. Mwani unakula nitrati na fosfati ili ukue, nawe unauvuna. Kila unapotoa konzi ya mwani umetoa uchafu kabisa kwenye maji. Katikati ya mwani kopepodi na amfipodi, wadudu wadogo wa majini wa jamii ya kamba, wanazaliana bila kuliwa, na ndiyo maana ya jina lenyewe: wana mahali pa kukimbilia. Kwamba mwani unaweza kusafisha maji ya tangi la matumbawe si ndoto ya wafugaji wa nyumbani. Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, kule Washington, alikuwa akiendesha matangi ya namna hiyo tangu miaka ya 1980.

Sasa swali ni mahali pa kuliweka. Katika mipangilio yote mitatu nitakayoieleza, pampu ni moja tu. Upande mmoja maji yanasukumwa, upande wa pili yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Mtu akikushauri ufunge pampu mbili, moja ya kupeleka na nyingine ya kurudisha, mkatalie kwa heshima. Hakuna pampu mbili zinazosukuma sawasawa, na tofauti ya glasi moja kwa dakika inatosha kumwaga tangi zima kabla hujarudi kazini.

Nami naomba uchague kwa kuuliza hivi: umeme ukikatika maji yatasimama wapi, na ukirudi yataanzia wapi? Kwetu Dar es Salaam swali hilo si la nadharia.

Juu ya tangi

Hapa pampu ndogo iliyo ndani ya tangi kuu inapandisha maji kwenye kimbilio lililoinuliwa juu au pembeni kwa juu. Maji yakifika kimo cha tundu la kutokea, yanamwagikia kwenye bomba na kurudi kwenye tangi. Hutoboi tangi kuu hata kidogo. Unatoboa kimbilio tu, ambalo hata kama kioo chake kitapasuka mikononi mwa fundi, hasara yake ni ndogo.

Kimbilio langu ni sentimita 40 kwa 20, kimo 25, la kioo cha milimita 6. Tundu la kutokea liko sentimita 19 kutoka chini, kwa hiyo lina lita 15 hivi, na kila sentimita yake moja ni lita 0.8. Ukijumlisha maji, kioo na kilo tatu za mchanga unakaribia kilo 24, yaani nusu mfuko wa saruji unaoning'inia juu ya samaki wako. Usiliweke kwenye rafu iliyoshikwa na skrubu na plagi za plastiki ukutani, wala usiliegemeze kwenye ukingo wa tangi. Mimi nilimpa fundi wa kuchomelea vipimo akanitengenezea stendi ya bomba za mraba yenye miguu minne inayosimama sakafuni, nikaipaka rangi ya kuzuia kutu mara tatu. Bado chumvi inaitafuta. Kila baada ya miezi michache naipitia na msasa na brashi.

Umeme ukikatika, mpangilio huu ni mtulivu kabisa. Pampu inasimama, kimbilio linamwaga lile tabaka jembamba lililokuwa juu ya tundu, pengine nusu lita, basi. Umeme ukirudi, pampu inaanza, tabaka linarudi. Hakuna kinachohitaji kuvutwa wala kuamshwa. Kuna kosa moja tu la kuepuka: mdomo wa bomba la kupandishia usiuzamishe kwenye maji ya kimbilio. Ukiuzamisha mpaka chini, pampu ikisimama maji yatavutwa kurudi kwa njia ile ile, kama mtu anavyonyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi la gari. Lita 15 zitashuka, na tangi kuu lina nafasi ya lita 8.4 tu juu yake. Acha mdomo ukae hewani, umwage kwa juu.

Hatari ya kimbilio la juu iko kwingine: bomba la kushushia kuziba. Mwani unakatika, unasafiri, unajikunja kwenye tundu. Konokono anaweza kuingia akakaa. Pampu haijui, inaendelea kupandisha. Kwa mwendo wa lita 200 kwa saa, ile nafasi ya sentimita 6 iliyobaki juu ya kimbilio inajaa ndani ya dakika moja na nusu, kisha maji yanashuka ukutani.

Dawa yake ndiyo iliyonifanya niupende mpangilio huu. Pampu inaweza kukaa popote ndani ya tangi, lakini mdomo wake wa kunyonyea niliuunganishia kibomba kinachopanda juu, na kikaishia sentimita 2 tu chini ya uso wa maji, kikiwa kimevikwa sponji ili samaki wasivutwe. Bomba la kushushia likiziba, pampu itashusha maji ya tangi kuu sentimita 2, yaani lita 4.2, halafu itaanza kunyonya hewa. Kimbilio lina nafasi ya lita 4.8. Maji yote yaliyoibiwa chini yanatosha juu, sakafu inabaki kavu, na mlio wa pampu inayokoroma unakuita kutoka chumbani. Ikikoroma saa nyingi itaungua, ni kweli, lakini pampu ndogo inanunulika.

Pamoja na hayo weka matundu mawili ya kushushia: moja la inchi moja kwa kazi ya kila siku, la pili sentimita 2 juu yake likisubiri. Kwa lita 200 kwa saa bomba la robo tatu ya inchi linatosha, ila mimi naweka la inchi kwa sababu kinachopita humo si maji matupu. Mbele ya tundu weka kichanio cha plastiki chenye meno mapana. Wavu mwembamba wa chandarua utaziba ndani ya wiki, nimeujaribu.

Chini ya tangi

Huu ndio mpangilio wa picha nzuri. Kimbilio limefichwa ndani ya kabati, sebule inabaki na tangi moja safi, na chini kuna nafasi ya kuweka skima (chombo cha kutoa uchafu kwa mapovu), hita na vipimo. Maji yanatoka kwenye tangi kuu kwa kumwagikia kwenye tundu karibu na uso, yanashuka hadi kimbilio, na pampu inayapandisha tena. Faida yake kubwa ni kwamba uso wa maji kwenye tangi kuu haubadiliki: maji yanayokauka yanaonekana kupungua kwenye chumba cha pampu tu, na ule utando wa mafuta juu ya maji unavutwa kila wakati.

Lakini namna maji yanavyotoka kwenye tangi kuu ndiyo kila kitu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutoboa kioo. Ya pili ni kisanduku cha kumwagia kinachoning'inizwa ukingoni, ambacho kinavusha maji juu ya kioo kwa mpira uliopinda, kwa kunyonya. Mimi nilianza na hiki cha pili kwa sababu niliogopa kutoboa.

Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi saa nane. Nilisikia friji lilipoanza kunguruma, nikageuka upande wa pili nikalala. Saa kumi na moja mlango ukagongwa. Alikuwa mama anayekaa chini yetu, kanga kichwani, simu ikiwa imewashwa tochi. "Mwanangu, huko kwako kuna nini? Maji yanadondokea kochi langu." Akagusisha kidole kwenye ulimi. "Tena ya chumvi." Nilipowasha taa ya sebuleni, tangi lilikuwa limefura hadi ukingoni likimwaga taratibu kama sufuria ya maziwa, na chini pampu ilikuwa inakoroma kwenye kimbilio lililobaki matope. Umeme ulipokatika, hewa iliingia kwenye ule mpira uliopinda. Uliporudi, ya kupanda yalipanda, ya kushuka hayakushuka. Lita kumi hivi zilipita kwenye sakafu yangu na dari ya jirani. Nilimsafishia kochi, nikampakia dari rangi, naye alinisamehe kwa upole ambao hadi leo unanipa aibu.

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: kama tangi lako halijatobolewa na umeme wako si wa uhakika, usiweke kimbilio chini. Kisanduku cha kunyonya kinaweza kufanya kazi vizuri miezi sita na kukuangusha siku ya kwanza ya mwezi wa saba. Hakikosi kwa sababu ni kibovu; kinakosa kwa sababu kinategemea mpira usiingiwe hewa hata mara moja.

Tangi lililotobolewa ni habari nyingine. Hapo maji yanashuka yenyewe kila mara, hakuna cha kuamsha. Kama unaelekea huko, fanya kazi hiyo kabla ya kutia maji. Kwanza hakikisha kioo ni cha kawaida, si kile kilichoimarishwa kwa joto, kwa kuwa hicho kikiguswa na kekee kinasambaratika chote kuwa punje. Vaa miwani ya jua ya polaroidi, weka skrini nyeupe ya kompyuta nyuma ya kioo, utazame kwa kuizungusha miwani polepole. Kioo kilichoimarishwa huonyesha mabaka na mistari. Cha kawaida kinabaki kitupu.

Mimi nilipeleka tangi la pili kwa fundi vioo Kariakoo. Alizungusha udongo wa kuchezea watoto kama pete juu ya kioo, akamimina maji ndani ya pete hiyo, kisha akaweka kikombe cha kutobolea chenye chembe za almasi, akaanza kwa kukiinamisha upande mmoja mpaka kilipochora mwezi mchanga, ndipo akakisimamisha wima. Maji yaligeuka meupe kama tui. Nilipomwambia aongeze nguvu kidogo kwa sababu jua lilikuwa linatuchoma, alisimamisha kekee. "Bosi, ukikandamiza umekiua. Uzito wa kekee yenyewe unatosha." Ilichukua karibu dakika kumi kwa tundu moja. Kipande kilichotoka, duara la kioo lenye kingo za unga, ninalo bado kwenye droo. Tundu liwe mbali na ukingo wa kioo kwa angalau kipenyo chake lenyewe, na lifungwe konekta ileile ambayo mafundi bomba wanafunga kwenye simtank, mpira wake ukae upande wa maji.

Hata likitobolewa, hesabu haijaisha. Bomba la kurudishia linaingia kwenye tangi kuu kutoka juu, na mdomo wake ukizama, umeme ukikatika utageuka mnyonyaji. Mdomo ukiwa sentimita 10 chini ya uso, lita 21 zitateremka. Kimbilio la vipimo vile vile, ambalo likijazwa hadi ukingoni ni lita 20, likiwa tayari na maji ya sentimita 12, lina nafasi ya lita 10.4 tu. Zilizobaki ni za sakafu. Toboa tundu dogo la milimita 4 kwenye bomba la kurudishia, nusu sentimita chini ya uso wa maji. Maji yakishuka hapo, hewa inaingia na mvuto unakatika. Lisafishe kila wiki kwa kijiti cha meno, kwani konokono na mwani wa rangi ya waridi wanalipenda. Vali ya kuzuia maji yasirudi isikupe usingizi. Punje moja ya mchanga au ganda la chokaa linatosha kuiacha wazi.

Na upande wa pili, gawa kimbilio kwa kibao cha kioo ili chumba cha pampu kisiwe na maji zaidi ya lita 7 au 8. Siku bomba la kushukia likiziba, pampu itapandisha hizo tu, na tangi lina nafasi ya lita 8.4. Kama ningelijua hilo mapema, kochi la jirani lingebaki kavu hata kwa kile kisanduku.

Mgongoni

La tatu ni kisanduku cha akriliki kinachoning'inia nyuma ya tangi, uso wa maji yake ukiwa juu kidogo kuliko wa tangi. Pampu ndogo inatia maji, nayo yanarudi kwa kumwagikia kwenye mdomo mpana. Kwa usalama halina mfano: mdomo ni mpana mno kuziba kirahisi, na umeme ukikatika hakuna kinachosogea. Mtu aliyepanga chumba kimoja, au mwenye tangi la lita 30, asitafute kingine.

Ila ni dogo. Lita 4 au 5 za mwani hazifui dafu mbele ya samaki wanne wanaolishwa mara mbili kwa siku. Uzito wake pia unabebwa na kioo cha nyuma, kwa hiyo mimi nisingening'iniza la zaidi ya lita 6 kwenye kioo cha milimita 6. Sina mengi ya kuongeza juu yake. Ni chaguo jema kwa tangi linalolingana nalo.

Yanayobaki baada ya usalama

Kopepodi. Utasikia kwamba kimbilio la juu ni bora kwa sababu wadudu wanashuka kwenye tangi kuu bila kupita kwenye pampu, ilhali la chini linawasaga. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili imetiwa chumvi. Nilipokuwa na kimbilio chini, nilifunga soksi nyembamba kwenye mdomo wa kurudishia usiku mmoja, na asubuhi nilipoikung'uta kwenye sahani nyeupe, wengi walikuwa wanarukaruka. Wakubwa, hasa amfipodi, ndio waliokuwa wamevunjika. Kama unataka kufuga samaki anayekula kopepodi tu, kama Synchiropus stellatus anayepatikana kwenye bahari yetu hii, juu inakusaidia, lakini ukweli ni kwamba lita 65 ni chache kwake kwa mpangilio wowote. Atakonda.

Kelele. Maji yanayoanguka sentimita 80 ndani ya bomba yanapiga kama mtu anayesukutua, na sebuleni usiku yanasikika hadi chumbani. Tii, kiungo cha bomba chenye umbo la T, ikifungwa juu ya bomba la kushushia, na kifuniko chake kikitobolewa tundu la milimita 3, sauti hupungua sana. Kwa juu maporomoko ni mafupi. Ukizamisha mwisho wa bomba sentimita 1 tu kwenye tangi, husikii kitu.

Umeme wa LUKU. Pampu ya juu yenye wati 8 ikifanya kazi mwezi mzima inakula uniti 5.8. Ya chini inainua maji juu zaidi, kwa hiyo ya wati 15 si ya anasa, nayo inakula 10.8. Taa ya LED ya wati 10 kwa saa 12 kila siku ni uniti 3.6 kwa mpangilio wowote. Usidanganywe na namba ya kwenye boksi la pampu. Iliyoandikwa lita 600 kwa saa inaweza kutoa nusu yake au chini ya hapo ikishainua maji sentimita 70. Kinga kwa ndoo ya lita 10 na utazame saa: ikijaa kwa dakika 3, unapata lita 200 kwa saa, na kwa tangi hili hiyo ni sawa kabisa.

Mwanga. Taa ya kimbilio huwashwa usiku, tangi kuu likiwa gizani, ili mwani uendelee kunywa kaboni dayoksaidi na pH, kipimo cha uchachu wa maji, isiporomoke hadi alfajiri. Kwa chini, kabati linaficha mwanga huo. Kwa juu unamwagika kwenye tangi na samaki hawalali vizuri. Nilizungushia kimbilio ubao mweusi wa plastiki pande tatu, tatizo likaisha.

Joto ndilo linaloipinga juu kwa nguvu. Karibu na dari ya bati mwezi wa pili kuna moto, na taa inaongeza. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, walioanza kilimo hicho mwaka 1989, wanakuambia bila kipimajoto kwamba maji yakichemka kottonii, aina ya mwani wanaoulima, inapauka na kukatika. Mwani wa kwenye tangi nao ni mwani. Mimi naacha kimbilio wazi na feni ndogo ikipuliza uso wake. Maji yanapoa, lakini yanakauka lita moja na zaidi kwa siku. Kinachokauka ni maji matamu, chumvi inabaki, kwa hiyo unarudishia maji matamu safi, kamwe si ya bahari. Na kwa mpangilio wangu wa juu hili ni la lazima: ule mdomo wa pampu uko sentimita 2 tu chini ya uso, nikisahau siku tatu unaanza kuvuta hewa. Aliye na kimbilio chini naye hajasalimika, chumba chake cha pampu kinakauka vivyo hivyo.

Waya za umeme zipite chini ya soketi kwanza ndipo zipande, ili tone linalotambaa kwenye waya lidondoke kabla ya kufika. Kwa kimbilio la juu usiweke hata ekstensheni moja chini yake. Chumvi inatembea.

Mwani wa kuutia humo

Chaetomorpha, ule unaofanana na rundo la uzi wa nailoni wa kijani, ndio naupendekeza kwa mipangilio yote. Hauna mizizi, unaelea kama mpira, unaukata nusu kwa mkono na kuurudisha. Kwa juu una faida zaidi kwa sababu haumeguki ovyo na kuziba bomba.

Caulerpa unapatikana kirahisi zaidi kwenye mwamba wetu, na unakua haraka mno, lakini kwenye tangi dogo siutaki. Ukifikia wakati wa kuzaa unaweza kuyeyuka usiku mmoja: majani yanabaki meupe kama karatasi, maji yanakuwa ya kijani ya maziwa, oksijeni inashuka, na kila ulichokuwa umekitoa kwa miezi kinarudi kwenye maji. Spinosum, aina nyingine ya mwani wa mashambani, nilijaribu mara mbili. Anataka maji yanayosukwasukwa kama ya ufukweni na jua kali. Kwenye kimbilio tulivu alijaa ukungu akafa. Wengine wanapenda kupanda chipukizi cha mkoko, na hapo kimbilio la juu peke yake ndilo linalokipa nafasi ya kurefuka. Kinapendeza sana. Kwa kusafisha maji usikitegemee, kinakua polepole.

Usichukue chochote ndani ya hifadhi za bahari. Na ulichokifuga usikirudishe baharini, hata kama kilitoka humo. Mwaka 1984 kipande cha Caulerpa taxifolia kilionekana kikiota chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, na kikasambaa kwenye pwani za Mediterania mpaka kikawa janga. Mwani ninaovuna naukausha juani na kuutia kwenye mboji baada ya kuusuuza.

Jambo moja la kutarajia: kwa wastani mwani wa baharini unatumia naitrojeni 30 kwa kila fosforasi 1, kwa hiyo nitrati itaisha kabla ya fosfati. Ukiona mwani umepauka huku kipimo cha fosfati bado kiko juu, hauna ugonjwa, una njaa ya naitrojeni. Ongeza chakula cha samaki kidogo kabla hujafikiria kuutupa.

Siku ya majaribio

Vyovyote utakavyochagua, usitie samaki wala mwani kabla ya hili. Jaza maji, washa pampu, acha saa nzima mpaka nyuso zote mbili zitulie. Weka alama ya maka kwenye vioo vyote viwili. Chomoa plagi. Subiri maji yaache kusogea, weka alama mpya, chomeka tena, utazame kama yanarudi kwenye alama ya kwanza. Rudia mara tatu. Kisha ziba kila bomba la kushushia kwa kiganja, taulo likiwa miguuni, na uhesabu mpaka pampu ianze kukoroma. Kwangu ilikoroma kimbilio likiwa limebakiza milimita saba kufika ukingoni. Siku hiyo nilimwita mama wa chini aje atazame, akasimama pale na kikombe chake cha chai mpaka mwisho, akaniambia niichomoe tena aone vizuri.